Maboga ya Mahameni

Mvua za kwanza ziliponyesha katika kijiji kipya, bwana shamba alipita nyumba hadi nyumba akituagiza tuchague mboga za kupanda uani. Alikuwa mchangamfu kama mtu aliyeleta posa. Nilimsikiliza nikiwa mlangoni, mikono kiunoni, maana hiyo aliyoiita nyumba yangu mimi mwenyewe sikuwa nimeizoea. Ilikuwa mojawapo katika mstari wa nyumba kando ya barabara ya Isansa, zote zimefanana, na mara mbili nilikuwa nimeingia kwa jirani na ndoo kichwani.

Tulihamishwa na serikali kiangazi kile. Lori lilikuja, nikapakia vyungu, kitanda na kuku, nikasimama kutazama nyumba yangu ya bondeni ikiezuliwa nyasi. Mume wangu hakuwapo. Alikuwa amevuka pale Tunduma kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba huko Zambia, kisha habari zake zikakatika. Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Kwa hiyo nilihama peke yangu, na jambo moja lilininyima usingizi: siku akirudi, atarudi bondeni. Atakuta kuta zimeanguka na majani yamepanda, atasema mke wangu amekwenda kwao, ameshaolewa. Namjua yule mtu kwa kususa. Asingemuuliza mtu yeyote, angegeuka palepale.

Basi hilo ndilo lililonichagulia mboga. Kijijini nilipanda zile zinazowahi tu: mchicha, figiri na mnavu kidogo. Jirani yangu, mama mmoja asiyeweza kunyamazia jambo, alichungulia uani kwangu akauliza mbona nimelima kama abiria anayesubiri basi. Yeye alikuwa ameshachomeka migomba na miche ya kahawa. Nikamjibu kwamba tumbo langu ni dogo. Alicheka sana, nami nikaingia ndani nikakaa kitandani mchana kweupe. Niliumia. Kupanda kitu cha kudumu pale kwangu ilikuwa sawa na kukubali kwamba mume wangu hana tena pa kurudi.

Maboga niliyapeleka mahameni, kule bondeni tulikotolewa. Mbegu zake alinipa mama mkwe siku nilipowasha jiko langu la kwanza, nami nilizitunza kwenye kibuyu, nimezichanganya na majivu. Udongo wa mahame una nguvu, umekula majivu na samadi ya mbuzi miaka na miaka. Nilipanda palipokuwa jikoni, na mashimo mengine nikayachimba mlangoni kabisa. Niliwaza kwamba mtu akikuta maboga yamepaliliwa atajua mwenyewe hayuko mbali, ataketi amngoje.

Tukitoka shamba la kijiji wenzangu walikwenda kupumzika, mimi nikateremka bondeni na jembe. Balozi wa nyumba kumi aliniita akanishauri kwa upole niachane na mahame, watu wameanza kunisema. Nilimwitikia vizuri tu, na kesho yake nikashuka tena.

Siku moja nilikuta majani yamechumwa. Hayakuliwa na mbuzi, yalichumwa kwa mkono, yale machanga ya kwenye ncha. Juu ya jiwe langu la kusagia, ambalo lori lilishindwa kulibeba, palikuwa na rundo la nyuzi zilizomenywa kwenye vikonyo, bado mbichi. Mume wangu alikuwa na tabia ya kuketi kwenye jiwe lile kunisaidia kumenya majani ya maboga, na wanaume wenzake walimcheka kwa hilo. Nilifunga kitenge upya, nikafagia pale mbele ya jiwe kwa tawi, nikaketi. Nilikuwa na furaha ambayo hata sasa naionea aibu kidogo.

Jua lilikuwa limeinama mtu alipopanda kutoka kijitoni. Alikuwa mama mkwe, na majani aliyoyaosha yamefungwa kwenye upande wa kanga.

Aliishi kwa mwanawe mkubwa, mwisho wa kijiji, na tangu tuhame tulikuwa tukisalimiana tu. Nilidhani ananilaumu kwa tumbo langu tupu. Niliposhuka chini kumwamkia aliona uso wangu na pale nilipofagia, akaelewa nilikuwa nikimtazamia nani. Alikaa kwenye jiwe. Nikakumbuka kwamba kumenya vile mume wangu alifundishwa na mama yake.

"Na mimi huja kumngoja," alisema.

Alikaza fundo la kanga lenye majani. Kisha akaniambia, bila ukali, "Mwanangu, wa kumngoja hapa ni mimi niliyemzaa. Wewe kapande kwako."

Nilikasirika, nikaona ananinyang'anya hata kungoja. Nikalia njia nzima hadi kijijini, naye akitembea nyuma yangu.

Mvua zilizofuata nilipanda maboga uani, yakatambaa hadi juu ya paa. Tangu hapo kila msimu mama mkwe alikuja tuchague mbegu pamoja. Tulizimwaga kwenye ungo, tukazigawa mafungu mawili, langu la uani na lake la mahameni. Zile nene alizisukumia fungu la mahameni, nami nilijifanya sioni.

Mume wangu hakurudi. Mama mkwe tulimzika, na mahame wakapewa watu wengine, wamepanda kahawa hadi palipokuwa mlango wangu. Mvua zikikaribia bado namwaga mbegu kwenye ungo na mkono wangu bado unazigawa mafungu mawili. Moja nalipanda. Lile la mbegu nene nalikaanga kwa chumvi, nakula peke yangu.