Mama Stuli

Kila mara Sista alipoingia wodini na ile stuli, maneno yalikatika. Redio ndogo ya kitanda cha pili ilipunguzwa sauti. Wawili waliokuwa wakibishana habari za mpira walinyamaza, na kila mmoja akajifanya ana kazi na shuka lake. Sista aliyaona yote hayo. Alidhani ni heshima.

Stuli yenyewe ilikuwa ya mbao, miguu mitatu, rangi ya bluu iliyobanduka pembeni. Ilikaa nyuma ya mlango, na kwa kuwa mle ndani hakukuwa na kiti kingine chochote, siku ya kwanza aliichukua bila kumuuliza mtu. Aliishika mguu mmoja na kuining'iniza ubavuni, kama mtu aliyetoka kununua kuku.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Ishirini na sita kati ya hiyo aliimaliza kwenye wodi ya upasuaji, ng'ambo ya uwanja wa kuanikia mashuka, akiwa amesimama. Alisimama mpaka magoti yakakataa. Yalivimba, na akipanda ngazi yalilia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Hapo ndipo Matroni alipomwita ofisini. Matroni huyu alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, lakini amesoma, na bado alikuwa akisoma. Tena alikuwa na utafiti wake mwenyewe.

"Nina kazi ya kukaa, mama," Matroni alimwambia.

"Kukaa na kufanya nini?"

"Kukaa na kusikiliza."

Kazi ilikuwa hivi. Wodi ya saratani ya wanaume ilikuwa na vitanda kumi na vinne, vya watu wanaotoka mbali, wanaolazwa mpaka dripu zao za dawa ya saratani ziishe. Kila mmoja alichomoa bahasha kwenye kopo. Aliyepata ya kijani, Sista angemkalia nusu saa kila wiki, amuulize maswali ya kwenye fomu, kisha amwache aseme lililo moyoni. Aliyepata nyeupe angepewa fomu tu, aijaze mwenyewe. Mwisho wa wiki kumi na mbili majibu yangelinganishwa. Kama waliokaliwa wangeonekana wana nafuu ya moyo, Matroni angeipeleka karatasi hiyo juu kuomba muuguzi wa kudumu wa kazi hiyo.

Sista aliitaka nafasi hiyo. Hakumwambia mtu, maana hakuwa na wa kumwambia. Mumewe alishafariki siku nyingi. Mwanawe alikuwa kazini mbali, na kila Jumapili alimtumia ujumbe: "Mama uko poa?" Naye akajibu: "Niko poa mwanangu." Mazungumzo ya wiki yalikuwa hayo. Chumbani kwake kulikuwa na vikombe viwili, kimoja kimefunikwa kwenye sahani muda mrefu hata chini yake pakawa na duara safi. Kwa hiyo kazi ambayo mtu analazimika kuzungumza nawe nusu nzima ya saa aliiona kama zawadi. Aliinunulia kalamu mpya.

Kitanda cha sita alilazwa fundi cherehani, mzee wa kama miaka sitini, mwenye uvimbe shingoni. Alikuja na mkasi, sindano na kopo la vifungo, na kwa muda mfupi akawa amewashonea vifungo nusu ya wagonjwa. Manesi wa zamu walimpenda kwa mdomo wake.

"Nesi, hiyo sare imekubana mabega. Aliyekushonea mlikuwa na ugomvi?"

"Fundi, lala."

"Nalala vipi na mabega yale mbele yangu?"

Lakini huyohuyo, Sista akishaweka stuli na kukaa, aligeuka mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Mikono juu ya magoti, macho kwenye dirisha.

"Wiki hii wasiwasi wako ni ngapi, Fundi, kuanzia sifuri mpaka kumi?"

"Nne."

Wiki ya pili akasema sita. Ya tatu, nane. Ya nne akasema tisa, kwa sauti ndogo mpaka Sista akamwinamia ili asikie. Na uvimbe ulikuwa unanywea. Daktari alisema hivyo kila asubuhi akipita na kundi lake, wamesimama, dakika tatu kitanda hiki, dakika tatu kile. "Dripu mbili zimekubali, Fundi. Zimebaki nne. Vizuri sana." Halafu wanaondoka.

Sista alimpelekea Matroni hesabu yake. Wa bahasha za kijani walikuwa wanazidi kuingiwa na hofu. Wa nyeupe, ambao hakuna aliyewauliza kitu, walikuwa palepale.

"Labda sijui kusikiliza," alisema.

"Andika unachoambiwa, mama. Utafiti haulazimishwi."

Usiku ule, na siku iliyofuata, alijaribu kukumbuka alikosea wapi. Alijizoeza mbele ya kioo namna ya kuitikia kwa kichwa. Alifikiri ni uso wake.

Wiki ya kumi na moja, siku ya dripu ya tano, alimkuta Fundi amevaa suruali yake ya nyumbani na viatu. Begi lilikuwa juu ya kitanda. Mkasi amempa kijana wa kitanda cha saba, vifungo amevigawa.

"Unakwenda wapi, Fundi?"

"Nyumbani. Binti yangu anakuja saa sita kunichukua."

"Leo si una dripu?"

"Ya nini tena?" Alisema kwa upole, kama anayemwondolea mtu mzigo. "Sista, wewe mtu mzuri. Usihangaike kunizungusha. Wiki zote hizi ulikuwa unatafuta pa kuanzia, nami nakuona. Nimeelewa. Niache nikafie kwangu, nikiwa bado naweza kufunga kamba za viatu mwenyewe."

Sista alibaki ameshika fomu. Alitoka nje, akamkuta mfagiaji anakamua dekio kwenye ndoo, mwanamke ambaye alifanya kazi wodi ile kabla hata Daktari hajafika. Akamweleza.

Mfagiaji alimtazama. "Dada, kwani hujui wanavyokuita humu?"

"Wananiita Sista."

"Wanakuita Mama Stuli." Akaegemeza dekio ukutani. "Wodi hii hakuna anayekaa. Daktari husimama, manesi husimama, wageni husimama. Ile stuli hutolewa nyuma ya mlango siku moja tu, siku Daktari anapokuja kumwambia mtu kwamba dawa zimegoma. Anaivuta, anakaa, anamshika mkono. Basi mtu anajua. Sasa wewe ukaja unaivuta kila wiki, unakaa, unauliza una hofu kiasi gani. Ulitaka wacheke?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Nikasema watu wa upasuaji wana roho ngumu."

Sista aliona nyuso zile saba za bahasha za kijani, wiki kumi na moja, zinamtazama zikisubiri aseme lile jambo. Yeye anasubiri waseme yao. Nusu saa nzima, watu wawili wanasubiriana.

Ilikuwa saa nne na robo. Alirudi kwa Fundi na kumweleza kila kitu: utafiti, kopo, bahasha, kwamba alichaguliwa kwa kuchomoa karatasi. "Tulikusomea haya yote siku ya kwanza. Ukatia saini."

"Hapa nimetia saini karatasi kama ishirini," alisema Fundi. "Hata ya kupokea mto."

"Uvimbe unanywea, Fundi. Ishike shingo yako mwenyewe."

"Na mwenzetu wa kitanda cha kumi na moja aliambiwa hivyohivyo. Kisha ikaja stuli."

Sista akamfuata Daktari. Daktari alikuwa mtu mwema, na alikuja mbio kweli, faili mkononi. Akaona mzee amevaa viatu, akahuzunika, akataka kuzungumza naye kama binadamu na binadamu. Basi akaivuta stuli, akakaa, akamshika Fundi mkono.

Wodi nzima iligeukia ukutani.

"Ahsante, Daktari," alisema Fundi. "Yatosha." Na hakusikia neno jingine, ingawa Daktari alisema mengi, yote mazuri.

Saa tano kasoro robo. Sista alisimama katikati ya wodi. Alijua kitu kimoja kinachoweza kufaa, na alijua kitavunja nini. Nyeupe haitakiwi kuguswa. Matroni alilisema hilo mara nyingi kuliko jambo lolote. Akiwakalia wa nyeupe, hakuna tena wa kulinganisha na wa kijani. Karatasi haitakwenda juu. Nafasi haitakuwepo.

Alimwomba Daktari ainuke. Akaichukua stuli, akaenda kitanda cha kwanza, bahasha nyeupe, akakaa puu.

Mwenye kitanda alijivuta mpaka ukutani. "Mimi? Mimi bahasha yangu ni nyeupe."

"Na mimi nimechoka miguu tu. Umelalaje?"

"Nimelala... Sista, niambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba magoti yangu yamekwisha na hapa hakuna kiti. Umekula?"

"Uji. Ulikuwa wa maji."

"Haya." Akainuka, akaenda cha pili. Akakaa. Akamuuliza mwenye redio kama betri zinadumu. Cha tatu. Cha nne alikuwa kijana, akaanza kutetemeka mdomo, ndipo mwenye redio akamwambia, "Tulia, leo anagawa kwa wote." Mtu mmoja alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka stuli ikiwa nje.

Cha tano, akapita cha sita bila kumtazama Fundi, cha saba, cha nane. Kukaa na kuinuka kulimuumiza kuliko kusimama siku nzima. Kufika cha kumi jasho lilikuwa limelowesha kola yake.

Kitanda cha kumi na moja alilala yule ambaye kweli aliambiwa, mwezi uliopita, na ambaye tangu hapo watu walipita kwake haraka. Sista alisita. Yule mtu akapapasa godoro.

"Kaa. Mimi nilishakaliwa. Hainitishi tena." Akageuza kichwa kuelekea kitanda cha sita. "Fundi, sikiliza. Siku niliyoambiwa mimi, Daktari hakuniuliza nimelalaje. Hakuwa na fomu. Alilia. Huyu mama analia?"

Fundi alikaza macho kwenye dirisha.

"Mwangalie vizuri. Huyu amechoka tu."

Sista alikaa hapo kwa muda mrefu kuliko kwingine. Hakuuliza namba. Yule mtu alimweleza habari za bomba la maji alilokuwa akilichimbia kabla hajaugua, limefika wapi, nani ataliendeleza. Hakuna aliyegeukia ukutani. Kisha akamalizia vitanda vitatu vilivyobaki, na alipoinuka cha mwisho alishikilia chuma cha kitanda mpaka kizunguzungu kikapita.

Fundi alikuwa amevua kiatu kimoja.

"Sista," aliita. "Kumbe hukaa kwa sababu ya magoti."

"Magoti, na fomu."

"Ungesema. Ningekutengenezea mto wa kukalia." Akavua cha pili, akakiweka sambamba na mwenzake chini ya kitanda. "Dripu yenyewe inachukua saa ngapi leo?"

"Nne."

"Basi binti yangu akija mwambieni asubiri. Na huyo kijana anirudishie mkasi wangu." Akakunja mkono wa shati, akaunyoosha.

Nesi wa zamu akatafuta mshipa. Sista alitaka kubaki, lakini Matroni alikuwa amesimama mlangoni, na haikujulikana amesimama pale tangu kitanda cha ngapi.

Ofisini Sista alimweleza habari ya stuli. Matroni hakupandisha sauti. Alikuwa ameweka mikono juu ya rundo la fomu, wiki kumi na moja, kila moja na mwandiko wa Sista.

"Imebaki wiki moja, mama."

"Najua."

"Ungeniita mimi."

"Saa sita angekuwa ameondoka."

Matroni alitazama dirishani. "Hata hivyo namba zenyewe zilikuwa za stuli, si za wagonjwa," alisema mwishowe. "Nitaanza upya. Wodi nyingine." Akazikusanya fomu. "Na mtu mwingine. Kanuni inataka hivyo. Aliyewahi kuvunja hawezi kurudi."

"Sawa."

"Andika yote kama yalivyotokea. Nitayatumia. Yatawafaa wengine."

Sista aliandika kurasa tano, akatia saini. Hakuuliza yatawafaa akina nani.

Wakampeleka chumba cha kufungasha vifaa, ghorofa ya chini. Kazi yake ikawa kukunja shashi za kufungia vidonda na kuzitia kwenye pakiti, kumi kwa kila moja, kabla hazijaingia kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu. Palikuwa na kiti kizuri chenye egemeo. Hakuna aliyeingia ila wa kuleta na wa kuchukua, na mashine ikivuma hata salamu haisikiki. Mnainuliana mkono tu.

Wiki sita baadaye mfagiaji alishuka kuchukua sabuni. Mashine ilikuwa imezimwa ipoe.

"Fundi ameondoka leo," alisema. "Dripu zote sita. Shingo hii hapa, laini kama ya mtoto."

"Alitembea mwenyewe?"

"Mwenyewe, na begi kabeba. Binti yake anamnyang'anya, hataki." Akajaza sabuni kwenye ndoo. "Alikuulizia."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia umehamishwa. Akauliza wapi, lakini gari lilikuwa linapiga honi."

Sista aliitikia kwa kichwa. Mfagiaji akaichukua ndoo na kupanda ngazi. Sista akasikiliza nyayo zake mpaka zikaisha. Akarudi kwenye pakiti iliyokuwa mbele yake, hakukumbuka alifika shashi ya ngapi, akazimwaga mezani na kuanza kuhesabu tena.