Ng'ombe wa Kutazamwa kwa Nyuma

Mimi nachora vitu vya aina mbili: mapazia ya jukwaani na wanyama wa watu. Nikimwambia hivyo mgeni, hunitazama kama anayesubiri nimalizie sentensi, nitaje na kazi yenyewe. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Imenilisha hapa Musoma, imenisomeshea watoto, na mpaka leo nikiamka nikakuta harufu ya rangi ya maji imelala nasi chumbani, namshukuru Mungu kabla sijawasha jiko.

Mapazia ni ya kwaya, ya shule na ya parokia. Krismasi ikikaribia natafutwa na watu wa Bethlehemu, Kwaresima ikifika natafutwa na watu wa Golgota. Nashona vipande vya kitambaa cha marekani mpaka vienee jukwaa zima, navitandika uani, navua ndala na kutembea juu yake na brashi ya kupakia kuta. Bahari ya Galilaya nimeichora mara nyingi, na kila mara naiwekea mawe makubwa yaliyobebana, kama haya yetu ya ufukweni. Safari moja niliyaacha nikafuata picha ya kitabuni. Mwalimu wa kwaya kutoka Nyegina akalitazama pazia lake, akaniuliza kwa upole kabisa, sasa hapa watu watafulia wapi. Nikayarudisha mawe.

Wanyama walikuja kwa bahati tu. Mwenye duka la nafaka kule Manyamanyama, Bunda, alimwona punda wangu wa Jumapili ya Matawi, akaniomba nimchoree paka anayemlindia magunia. Nilimchora, naye akaitundika picha juu ya mizani. Baadaye akanilalamikia kwamba tangu paka aione picha yake amejiona bosi, analala chini yake mchana kutwa na panya wanapita. Lakini picha hakuishusha. Kutoka kwake nikaletewa mbwa, kisha mbwa wengine, na kasuku mmoja mwenye matusi ambaye nilifurahi kumaliza kazi yake.

Msimu wa mavuno uliopita nikapigiwa simu na kijana wa Buswahili, upande wa Butiama.

"Fundi, unachoraga na ng'ombe?"

"Nachora chochote kinachotulia."

"Huyu anatuliaga. Ni ng'ombe ya mama."

Akanieleza. Alikuwa anaoa. Ndugu za binti walikuja kukagua ng'ombe wa mahari, na wa kwanza waliyemchagua alikuwa yule wa mama yake. Mama alikubali mbele za watu, akacheka nao, akawapakulia chakula. Walipoondoka akaenda kukaa zizini. Huyo mkwe mama alikuwa anamtaka, tena sana, na hakutaka mtu yeyote afikiri vinginevyo. Aliomba kitu kimoja tu: abaki na sura ya ng'ombe wake. Jumamosi ng'ombe angepelekwa ukweni.

Nikamuuliza, wewe si una simu, si umpige picha tu? "Nimempiga," akasema. "Mama anasema kwenye simu ng'ombe wote wanafananaga."

Nilifika Alhamisi asubuhi, ubao umefungwa nyuma ya bodaboda kwa mpira. Mama alikuwa uani na fimbo yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe unachoraga? Nilikuwa nangoja mwanaume." Akanikagua kuanzia miguuni. "Basi kaa, unywe uji. Mikono ya mwanamke angalau haitetemeki."

Nilikunywa uji, naye akanisimulia. Ng'ombe alizaliwa msimu ule ule aliofiwa na mumewe. Mama wa ndama akafa, yeye akamlea kwa maziwa ya kuomba kwa jirani, akimnyonyesha kwa chupa. Kijana alipokwenda shule, yeye ndiye aliyebaki kumchunga. "Watu walisema nitachoka. Nilikuwaga nachoka, ndiyo, lakini tulikuwa wawili."

Nikaweka kigoda mbele ya ng'ombe, nikaanza. Hapa lazima niseme kwamba mimi ni mtoto wa wavuvi. Kwetu, sato akiletwa mlangoni, unamtazama macho kwanza. Macho ndiyo yanayokwambia ni wa leo au wa juzi, hayo mengine ni maneno ya muuzaji. Kwa hiyo kila mnyama namwanzia machoni, na mbwa wote wa Musoma wamenitoka vizuri kwa njia hiyo. Ng'ombe huyu alikuwa na macho mazuri kupita kiasi, yenye kope ndefu na unyevunyevu wa kung'aa. Nilishinda nayo. Mpaka jua linapungua nilikuwa nimemaliza uso, shingo na pembe, na nilijipenda sana.

Nikamwita mama. Alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma, akatazama kwa heshima kwa muda mrefu.

"Ni mzuri sana," akasema. "Ni wa nani?"

Nikadhani ananitania. Nikamwonyesha ng'ombe, aliyekuwa amesimama palepale anacheua. "Si huyu hapa, mama?" Akamtazama ng'ombe, akatazama ubao, akamtazama ng'ombe tena, kama mtu anayejitahidi kumsaidia mgeni.

"Mwanangu, huyu simjui."

Mimi si mtu wa subira, na siku hiyo damu ilinipanda. Nilianza kuosha brashi kwa kelele. Kijana aliona aibu, akaanza kuniomba radhi kwa niaba ya mama yake. Mama mwenyewe hakuona aibu yoyote. Alichukua fimbo akasema ni saa ya kwenda kunywesha, niwasindikize nikapate hewa, nimekaa kutwa nzima nimejikunja.

Njia ya kwenda mtoni ni nyembamba, inapita katikati ya mihogo. Ng'ombe alitangulia, mama akafuata, mimi nyuma yao bado nimevimba. Mama alikuwa anaongea. Nilidhani anaongea na mimi, nikaitikia. Kumbe anaongea na ng'ombe kwa lugha ya kwao, taratibu, habari za nyumbani nadhani, na ng'ombe alikuwa anageuza sikio moja nyuma kumsikiliza. Ndipo nikaona alichokuwa anakiona yeye. Nyonga moja ilikuwa juu kuliko nyingine. Baka jeupe lilishuka pajani kama maziwa yaliyomwagika. Mkia ulikuwa umekatika nchani, na kila hatua ulikwenda kushoto, haukwenda kulia.

"Mama," nikamwita, "wewe ng'ombe wako huwa unamwonea wapi?"

Aligeuka akanishangaa. "Si hapa? Kwani mtu anachungaga akiwa mbele?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mihogo. Mimi, ambaye sijawahi kumaliza pazia bila kwenda kukaa benchi la mwisho ukumbini, nione anachokiona mama mwenye mtoto mgongoni aliyechelewa misa! Nilikaa mbele ya ng'ombe kutwa nzima bila kuuliza mtazamaji wake anakaa wapi. Namshukuru yule mama hadi leo kwa kutonidanganya. Angeweza kusema ndiye, akanishukuru, akanifungia kuku wa njiani, halafu akabaki na ng'ombe wa mtu mwingine ukutani.

Ijumaa nikaugeuza ubao, nikachora upande wa pili. Waliopita njiani walisimama kunitazama mtu mzima nimekaa nyuma ya makalio ya ng'ombe na brashi, na mmoja akauliza kama sura imeniishia. Nilichora nyonga, baka, mkia ulioelekea kushoto, sikio lililogeuzwa nyuma. Mbele yake nikaweka njia, na mwisho wa njia vilima vya mbali, kwa sababu vilima ndivyo ninavyovijua kwa kazi ya mapazia, vinaenda haraka.

Safari hii mama hakusema ni mzuri. Aliweka kiganja mdomoni. Kisha akamwita ng'ombe kwa jina lake, polepole, na hakuwa anamwangalia yule wa zizini.

"Ndiye," akasema.

Kijana alishusha pumzi, na mimi pia. Lakini mama alisogea karibu zaidi, akafuata ile njia kwa kidole mpaka kwenye vilima, na uso wake ukabadilika.

"Anaenda wapi?"

Nilitazama na mimi, njia ikaishia vilimani.

"Hapa anaondoka," akasema. "Kesho nitamwona hivi hivi, anaondoka. Hiyo nitaiona mara moja inatosha. Sitaki nibaki nayo ukutani."

Nilifuta vilima vyote. Nikamwomba asimame pembeni yangu, aniambie ng'ombe akirudi nyumbani anakuta nini mbele yake. Nikachora ua wa minyaa, lango la zizi limefunguliwa, paa la bati lenye kipande kipya kilichong'aa kuliko vingine, na moshi wa jikoni. Akaniambia kama anarudi basi ni jioni, na jioni kiwele kinajaaga na tumbo linajaaga. Nikavijaza vyote viwili. Tulimaliza mwanga ukiwa bado unatosha.

Jumamosi wakwe walikuja na vigelegele, na mama alipiga vigelegele kuwashinda. Ng'ombe aligoma kutembea na watu asiowajua, hivyo mama akamswaga mwenyewe mpaka barabarani, kisha akamkabidhi fimbo kaka wa binti. Alirudi mikono mitupu.

Jioni niliingia ndani kumuaga. Picha ilikuwa imetundikwa upande kidogo, nikaenda kuinyoosha, nikasimama mbele yake nikiipima kwa jicho. Mama alikuwa kwenye kigoda nyuma yangu.

"Sogea kidogo, mwanangu," akasema. "Umesimama langoni. Mpishe apite."

Nikampisha.