Siku Mume Wangu Alipocheka Peke Yake

Majina ya wote waliokuwa kikaoni siku ile ninayo kichwani, hata la fundi aliyechonga yale mabenchi. Siyaandiki, kwa sababu wajukuu zao wanasalimiana na wajukuu zangu.

Ugonjwa wa mume wangu ulianzia mdomoni. Asubuhi moja aliinama kupuliza moto, kuni mbichi kama kawaida ya huku kwetu masika, nikaona pumzi inamtoka pembeni mwa midomo na majivu hayasogei. Nikamcheka. "Uzee huo," nikamwambia. Baadaye chai ikawa inamwagikia kidevuni, maneno yakawa yanapitia puani, mwisho yakakatika kabisa. Mikono ikalegea. Shingo nayo ikashindwa kukibeba kichwa.

Tulimpeleka hospitali ya misheni kwa machela. Daktari akamwambia, "Onyesha meno." Uso kimya. "Jaza mashavu upepo. Kunja uso kama umekasirika." Kimya, kama anaambiwa ukuta. Mara mume wangu akapiga mwayo, kinywa kikafunguka mpaka nikayaona magego.

"Daktari, si huyo anafungua!" nikasema.

Daktari akanikalisha. "Mama, mishipa inayopeleka amri kutoka kichwani kwenda usoni inakufa. Yeye akiamua kucheka, hawezi. Kicheko kikija chenyewe kinapita njia nyingine, na pengine kitakuja hata pasipotakiwa. Lakini akili yake ni nzima."

Maneno hayo niliyashika kichwani, maana kisomo cha watu wazima kilinikuta baadaye.

Na kweli kilikuja pasipotakiwa. Jirani yetu anateremshwa kaburini, mume wangu pale kwenye kiti akaangua kicheko. Mimi ninayemjua niliona macho yake yanaomba msamaha. Watu hawakuyaona macho. Waliona kicheko.

Hapo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akapata la kusema. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, mashamba yanapangwa upya, na kamati ya kijiji ilitaka kila kipande kiwe na mtu wa kukijibia. Sisi tulikuwa na kipande bondeni, chenye maji ya mfereji, kabichi zake zinafunga ngumu kama mawe. Shemeji akapeleka shauri: kaka amerukwa na akili, shamba liandikwe kwa jina lake yeye. Wanangu walikuwa wadogo. Likienda kwake, tungebaki na mteremko wa juu ambako hata muhogo unajuta kupandwa.

Kikao kilikaa darasani. Nikamweleza mwenyekiti wa kamati kwamba mume wangu anasikia yote. Akitazama juu ni ndiyo, akitazama chini ni hapana.

"Macho hayo unayasoma wewe peke yako, shemeji," mdogo mtu akadakia. "Kesho utatuambia yametaka sufuria mpya."

Wakacheka. Mwenyekiti akamgeukia mume wangu. "Mzee, kama unanielewa, nionyeshe meno." Uso ukabaki mbao. Akarudia kwa sauti kubwa, kama anaongea na kiziwi. Hakuna kitu. Nikaona kalamu inashuka kwenye daftari.

"Hodi! Mume wangu yuko wapi?"

Alikuwa binamu wa mume wangu, mtoto wa mjomba wake wa Vuga, anatoka gulioni Soni na tenga la matunda, mafyulisi, kichwani. Kwetu binamu ni watani; huyu humwita mume wangu mume wake, na mimi mke mwenzake. Nilikuwa nimemtumia salamu aje, kwa sababu nyumbani niliona jambo: akianza kumtania mume wangu, mgonjwa hucheka kabla mwenzake hajamaliza.

"We kinyago, nani kakuleta mbele ya serikali bila kukunawisha uso?"

"Mama, hiki ni kikao," mwenyekiti akasema.

"Shikamoo, mwenyekiti. Mtani haombi ruhusa. Nina habari ya huyu mtu." Akatua tenga. "Siku ya Uhuru tulitumwa sisi wawili kupeleka jogoo Lushoto, wageni wapikiwe. Njiani jogoo akatoroka, huyu akamkimbiza mpaka akatumbukia mferejini, suruali yake ya kanisani ikabaki juu ya mti!"

Darasa zima likacheka, shemeji akipiga meza. Mume wangu kimya.

"Mmemwona? Mwenyewe hakucheka, kwa sababu nimesema uongo. Sasa ya kweli. Jogoo tulimfunga vibaya tengani, akafa njiani. Tulipofika, mzee wa mapokezi akauliza, 'Mbona jogoo wenu hatikisiki?' Huyu akajibu, 'Amechoka safari.' Mzee akasema, 'Jogoo wa Uhuru hachoki. Awike nimsikie.'"

Habari akaikatia hapo. Akachukua fyulisi, akalifuta kwa kanga, akaling'ata. Watu wanangoja.

Kicheko kilianzia tumboni. Mabega yakatikisika, mashavu yakapanda, na yale meno ambayo mwenyekiti aliyaomba mara mbili yakatoka yote. Alicheka mpaka benchi likalia. Peke yake! Hata mimi mkewe sikujua anacheka nini.

"Anacheka nini?" mwenyekiti akauliza.

"Anacheka alichofanya. Aliinama nyuma ya tenga akawika mwenyewe! Na yule mzee akasema, 'Sauti nzuri, mpelekeni jikoni.' Habari hii tunaijua wawili tu, tuliapa tusiseme. Mwendawazimu angejuaje pa kucheka?"

Sasa ndipo darasa likaanguka kwa kicheko. Shemeji akajitahidi: "Hata msibani alicheka."

"Nyamaza, mume wangu mdogo," binamu akamwambia. "Wewe umechekea uongo, kaka yako amechekea kweli. Tumwandike nani?"

Mwenyekiti alifuta machozi, akaandika: shamba libaki la mwenyewe, na mkewe ndiye wa kulijibia. Nikaomba anisomee mara mbili.

Msimu ule kabichi zetu zilijaza gari. Mume wangu nilimketisha ukingoni mwa bonde, blanketi magotini, akiangalia kabichi zake zikipakiwa. Watu wakawa wanapita na hadithi zao, kila mmoja anataka kumfungua uso. Mwenyekiti alikuja mara tatu. Hakufanikiwa hata mara moja, akaondoka akilalamika kwamba mzee huyu ana akili mno.