Suti ya Baba wa Bibi Harusi

Shangazi yangu hanunui nguo dukani. Anasema dukani ni kwa watu waliochoshwa na pesa zao. Yeye huwahi sokoni siku ya kufungua mitumba, akajipenyeza katikati ya viwiko vya watu, na kabla hujakaa sawa ameshageuza koti ndani nje na kukagua mshono. Lebo huitazama mwisho. “Lebo hata fundi wa kona anaishona,” huniambia. “Nionyeshe bitana.” Akishajua ni ya kampuni kubwa, hukunja uso kana kwamba ameokota panya, ili auziwe kwa bei ya kutupa. Mtaani wanamwita Mama Orijino, na jina analipenda ingawa hujifanya hasikii.

Safari ile alikuwa akimtafutia suti mumewe, mpaka rangi wa nyumba ambaye sote tunamwita Fundi. Binti yao wa pekee alikuwa anaolewa. Alifanya kazi mji wa mbali, na hakujua kwamba baba yake ana saratani. Fundi mwenyewe ndiye aliyekataza asiambiwe.

“Ataahirisha harusi, namjua,” alisema. “Aolewe kwanza, tutalia baadaye.”

Shangazi akaipata suti. Ya kijivu, bitana ya hariri, jina ambalo sisi tunalitamka kwa kubahatisha. Hajawahi kumpeleka Fundi sokoni. Upana wa mabega yake anao mkononi tangu walipooana, shibiri mbili na nusu. Akapima, kisha akalalamikia kifungo kilicholegea mpaka muuzaji akachoka, akamwachia.

Nyumbani Fundi aliijaribu mbele ya kioo cha kabati. Mabega ya koti yakaporomoka, mikono ikameza vidole. Shangazi alikuwa amempimia mume wa mwaka jana. Miezi yote ile alikuwa akimwogesha kwa mkono uleule, na bado mkono ulikataa kukubali. Akakaa sakafuni, akafunika uso.

“Nitairudisha, mzee wangu.”

“Usirudishe. Lete sweta.”

Tukamvisha sweta mbili, tukashindilia pamba mabegani. Akajigeuza huku na huku. “Orijino kabisa,” akasema, tukacheka hali roho zinatuuma.

Siku ya harusi ukumbi ulikuwa na joto la kuchemsha maji. Fundi alikaa kiti cha mbele akitiririka jasho, na kila aliyepita aliisifia suti. Waliouliza kuhusu mashavu, shangazi aliwaambia kang’oa magego. Bibi harusi alikuwa amefikia kwa mama yake mdogo, kwa hiyo hapo ndipo alipomwona baba yake kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Akamkumbatia. Nikaona mikono yake ikizama kwenye koti, ikabonyeza tena, ikitafuta mgongo. Kisha akainua macho, akamtazama shangazi.

“Mama,” akauliza taratibu, “baba yuko wapi humu ndani?”