Ndege Yenye Mlango wa Kulia

Zamani picha moja ya ndege ilizunguka mikononi mwetu juma zima na bado tukaigombania. Siku hizi wajukuu wangu wanazipitisha kwa kidole gumba kama mtu anayefukuza inzi, na ukiwauliza wameona nini, hawajui. Siwalaumu sana. Hakuna aliyewafundisha kutazama.

Sisi tulifundishwa na Bonifasi, mpiga picha wa Mwanga, hapa Kigoma. Alizaliwa Simbo, akaacha shule baba yake alipofariki, akajifunza kamera kwa padri mmoja mzee aliyekuwa akitetemeka mikono na kuhitaji mtu wa kumshikia. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, na ukutani pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hayapo popote Kigoma. Leo chumba hicho wanauza vifuniko vya simu. Alikula kwa picha za harusi na za vitambulisho, lakini moyo wake ulikuwa kwenye ndege.

Na miaka ile ya wakimbizi ndege zilikuwepo. Warundi walimiminika, kisha Wakongo wakavuka ziwa, na uwanja wetu wa changarawe, uliozoea kindege kimoja cha kulegalega, ukaanza kupokea madude yenye matumbo kama ng'ombe mwenye mimba. Bonifasi aliegesha baiskeli yake kwenye shamba la mihogo pembeni ya uwanja. Kupiga picha pale kulikatazwa, ila askari wa zamu alikuwa amepigwa picha za harusi yake na Bonifasi, tena zikatoka vizuri, basi alikuwa akigeuka kutazama ziwa.

Jumapili mchana tulikutana studio. Alikuwepo Hamdani, fundi cherehani kutoka Ujiji, mtu wa maneno. Alikuwepo Anatoli, mpima hali ya hewa aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi, akalalamikia vumbi letu tangu alipofika mpaka alipoondoka. Na mimi Nathaniel, karani wa mizigo stesheni, niliyejisomea mwenyewe kwa magazeti yaliyofungiwa sukari. Tulikuwa na taratibu. Picha ilipita kwanza kimya, mkono kwa mkono. Asiyeitazama mpaka mwisho hakuruhusiwa kusema. Kisha alianza mdogo kwa umri, na mwenye picha alisema mwisho. Aliyevunja utaratibu alitununulia kahawa. Nani leo angenyamaza muda huo?

Siku moja Bonifasi alileta picha ya ndege nyeupe tupu, haina herufi wala namba. Imesimama, ngazi imeshushwa, watu wanapanda. Ikapita kimya. Ilipofika kwa Anatoli alikohoa, na ilipomaliza kuzunguka, yeye ndiye mdogo wetu, akaanza.

"Mlango uko kulia," alisema. "Ndege zote nilizoziona maisha yangu, abiria wanapandia kushoto."

"Umeziona ngapi wewe?" Hamdani akamdaka. "Hizo zinazokuja kuchukua kahawa ya mjomba wako?"

"Nafanya kazi uwanjani, bwana."

"Unapima upepo, bwana. Upepo hauna mlango."

Tulicheka, lakini mlango ulibaki kulia. Tukasema ni ndege ya kivita iliyopakwa rangi. Tukasema imetengenezwa nchi ambayo magari nayo yana usukani upande mwingine. Bonifasi alikuja kusema mwisho, naye akasema hajui, na sijawahi kumwona mtu mwenye furaha vile kwa kutojua. Akaikuza, akaitundika ukutani. Watu walikuja kuiona kutoka Gungu na Buzebazeba, na tulijivuna kama tulioijenga wenyewe.

Ndipo, Jumapili moja tukiwa studio, akaja Astérie. Alikuwa Mrundi, amejihifadhi Buzebazeba kwa shemeji yake Ngendakumana. Mumewe, Ndayiragije, alirudi kuchukua mbuzi siku walipokimbia, mtumbwi ukang'oka bila yeye, na tangu hapo hakusikika. Sasa ukoo ulikuwa umeamua. Kwa Warundi msiba haujifii wenyewe. Ndugu hukaa, pombe hunywewa, na mjane hutolewa msibani. Wanaita kuganduka. Ikishafanyika, aliyepotea ni marehemu kwa kila mtu, na mke wake anaweza kuolewa. Pombe ya ndizi ilikuwa tayari inachachuka. Astérie alitaka picha moja na mwanawe kabla ya siku hiyo.

Bonifasi alikuwa akiweka taa sawa alipoona mama huyu hatazami kamera. Anatazama ukuta.

"Huyu nani?"

"Hiyo ni ndege, mama, yenye mlango wa..."

"Huyu mtu."

Tukasogea. Kwenye ngazi palikuwa na mwanamume aliyegeuka kutazama nyuma, katoni begani imemfunika uso mpaka mdomoni. Mkono mmoja ulikuwa umepinda kwenye kiwiko, kama tawi lililokataa kunyooka.

"Mume wangu alianguka kutoka juu ya mchikichi," alisema. "Mkono ukaungwa ovyo. Anasimama hivi." Akasimama hivyo. Kisha alisogeza uso karibu na picha, akarudi nyuma. "Oya, hapana. Mkono mbovu wa Ndayiragije ni wa kulia. Huyu ni wa kushoto. Oya, si yeye."

Akaketi, akapakata mtoto, akapigwa picha. Sisi tukarudi kubishana habari za mlango.

Jumapili iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya kuganduka. Studio tulikuwa wote, na Hamdani, kwa kukosa la kuchokoza, alimgeukia yule mtu wa kwenye ngazi.

"Mtazameni na shati lake. Fundi gani kamshonea mfuko wa kifua kulia? Fundi huyo ni wa kufungiwa kibanda."

Anatoli alicheka. Mimi nikacheka. Bonifasi hakucheka. Aliingia chumba cha giza bila kufunga mlango, akatoka na negativu, ile filamu ya picha, akaielekeza dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena. Akatafuta upande unaong'aa na upande uliofifia.

"Niliiweka kinyume," alisema.

"Nini?"

"Nilipoisafisha. Niliiweka kinyume. Haina herufi, ningejuaje? Mlango uko kushoto. Kila kitu kimegeuka, kama kwenye kioo."

Hamdani akasema, "Na mkono?"

Ukigeuzwa nao, mbovu ulikuwa wa kulia. Miezi mizima tuliitazama ile ndege, tukaipa nchi, tukaipa vita, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama mtu. Bonifasi akasafisha picha upya, safari hii sawasawa, akaitoa ikiwa bado inachuruzika maji, tukaondoka mbio kwenda Buzebazeba, watu wazima wanne nyuma ya karatasi mbichi.

Tulikuta ndugu wameketi, mtungi katikati, mirija imeshatiwa. Astérie alikuwa kwenye mkeka, amenyolewa. Bonifasi aliamkia wazee, akasema haraka haraka, akachanganya maneno, akaonyesha picha. Ngendakumana aliichukua, akaishika pamoja na ile ya kwanza ambayo Hamdani alikuwa ameing'oa ukutani.

"Mna picha mbili," alisema. "Juma lililopita mtu huyu alikuwa na mkono mbovu wa kushoto. Leo wa kulia. Kesho mtamletea mguu?"

"Ni picha moja, mzee. Ile ya kwanza ilikuwa kinyume."

"Nani anajua ipi ni kinyume?"

"Mimi."

"Wewe ndiye uliyekosea."

Mama mkwe wake Astérie, kikongwe aliyekuwa hasikii vizuri, aliomba picha. Akaitazama, akasema mwanawe alivunjika mkono wa kushoto. Dada mtu akasema, mama, wa kulia, mimi ndiye niliyekuwa namfunga kitambaa. Mzee mmoja akasema yeye anakumbuka mguu. Sauti zikapanda. Kila mmoja alinyoosha mkono wake mwenyewe, akaugeuza, akajaribu kukumbuka alikuwa amekaa upande gani wa mgonjwa.

"Mwenye mume aseme," Hamdani akapaza sauti.

Astérie alishika zile picha mbili, moja huku, nyingine huku. Alitazama hii, akatazama ile. Juma lililopita alikuwa na hakika kama jiwe. Sasa alizipishanisha mikononi.

"Nilikuwa nasimama mbele yake," alisema polepole. "Nikimpa maji... ulikuwa upande huu wangu." Akainua mkono wake. Akautazama. "Huu." Kisha akasema, "Sijui. Mmenivuruga. Nilikuwa najua."

Lakini hakukubali kuinuliwa mkekani. Ngendakumana alimwomba, akamkemea, akamwomba tena. "Sitolewi msibani kwa mtu aliyepanda ndege," alisema. "Na kama hakupanda, nitatolewa siku nitakapojua hivyo." Pombe ilikuwa imeiva, haingoji. Watu waliinywa, ila hawakujua wanainywea nini. Wengine waliimba, wengine wakawanyamazisha. Sisi tulikunywa pia. Sikuwahi kuhudhuria kitu kama kile.

Yaliyofuata siyaelewi mpaka leo. Astérie alitaka kupeleka picha kambini, huko Kasulu, kwa watu wa mlima wao, kama Warundi waitavyo kijiji, labda mmoja angemjua mwenye katoni au angejua ndege ile ilikwenda wapi. Bonifasi akasema atakwenda naye, kwa kuwa hakuna mwingine wa kueleza ile picha. Akafunga studio. Wapo waliosema alioa kambini, wapo waliosema alivuka na Warundi waliporudi kwao, na mmoja aliniapia kwamba yule mtu alipatikana, mwingine kwamba alikuwa Mkongo tu. Hamdani amekufa akiamini moja. Anatoli alihamishwa akiamini jingine.

Mara ya mwisho niliwaona Mwanga, juu ya pikapu iliyojaa magunia, mtoto katikati yao. Hamdani alimpigia kelele, "Bonifasi, uliza na aina ya ndege!" Bonifasi alitabasamu kidogo. Astérie alikuwa akimwuliza jambo, picha mapajani. Bonifasi akamjibu kwa kuinua mkono wake wa kulia. Astérie akatikisa kichwa. Bonifasi akaushusha, akainua wa kushoto, na pikapu ikakata kona.