Wimbo Niliokuwa Nikiuzima

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kwa aibu hadi leo: siku niliyovunja santuri ya mke wangu kwa goti langu.

Tulikuwa na miezi michache tu ya ndoa, hapa karibu na Nkubu. Kananu alitoka sokoni na santuri mpya kifuani, anacheka peke yake. Mwimbaji alikuwa Njeru, kijana wa Karurumo, kule Embu, aliyekuwa karani wa mizani kwenye faktori yetu ya kahawa kabla hajaenda Nairobi na gitaa lake. Tukaiweka kwenye gramafoni ya baba. Njeru akaimba kwamba siku ya mvua mpenzi wake aliinama kwenye gunia lake, akamchambulia buni mbichi, akamwachia nyekundu.

Damu ilinichemka. Wewe umezaliwa mikahawa yetu ishang'olewa, kwa hivyo nikueleze. Kila mtu alimwaga buni zake juu ya gunia na kutoa mbichi kwa mkono, la sivyo karani angekataa kuzipima. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna aliyemfanyia mwenzake hivi hivi tu. Nilijua ni msichana gani aliyesimama mbele ya mizani ya Njeru kila msimu: Kananu. Sikuuliza lolote. Nilivunja santuri nikasema nyumba yangu haitaki kelele za Waembu. Kananu aliokota vipande.

Wimbo haukufa. Ukatoka kwa kaseti, safari hii na kinanda na waitikiaji, nami nikawachukia hata waitikiaji. Ukianza redioni, nazima. Wageni wakiwepo, najifanya betri zimeisha. Kisha namtazama Kananu usoni: akihuzunika nakasirika, asipohuzunika nasema anaficha. Tulilea watoto watano hivyo, na kwangu mimi Njeru alikuwa bado ameketi mezani kwetu.

Mwaka jana vijana fulani wa Embu wakaurekodi upya, ukajaa kwenye simu zote. Redio ikamwita Njeru, sasa mzee kama mimi, aeleze ulikotoka. Nilikuwa kwa fundi wa viatu, na redio ya mwenyewe sikuweza kuizima.

"Mimi nilitia gitaa tu," Njeru akasema. "Kuna msichana alikuja kwa mizani amelowa chapachapa, anacheka. Akaniambia kuna kijana amemchambulia kahawa yote kwa mvua, na huyo ndiye atamuoa. Nikaimba vile aliniambia."

Nilienda nyumbani na kiatu kimoja mguuni.

"Mama Mwenda," nikamwita kwa sauti, maana masikio yake yamechoka, "ni nani alikuchambulia kahawa siku ya mvua?"

"Si ni wewe, Baba Mwenda? Kwani umesahau?" Akanishangaa. "Mimi nilifikiri unaona aibu watu wakijua. Nikasema ndiyo maana unazima. Na mbona hukuniuliza?"

Nilikuwa nimesahau kabisa, mwanangu. Nilimwonea wivu kijana wa kwenye wimbo maisha yangu yote, na kijana huyo ni mimi.

Sasa namwekea simu sikioni, sauti hadi mwisho. Ananitazama mdomo na kuuliza, "Ni ule?" Naitikia kwa kichwa. Hasikii kitu.

Nimeambiwa juzi ulimpokonya mkeo simu usome anaongea na nani. Mrudishie leo. Sikuambii uache wivu, kwa sababu hata mimi bado namwonea Njeru wivu kidogo. Yeye ndiye aliyepewa yale maneno. Lakini linalokuchoma, kaa chini umuulize mwenyewe, kisha ungoje ajibu yeye. Usimjibie moyoni mwako.

Mungu akupe kinywa cha kuuliza mapema, na amhifadhie mkeo masikio hadi siku utakayokuwa tayari kumwachia wimbo wake.