Kaunta ya Marehemu Rukia

Watu wa mtaa wetu hapa Lushoto walizoea kumwona Secilia kibarazani, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa duka lililofungwa. Plamu na peasi kazipanga mafungu juu ya turubai, yeye yuko kwenye kigoda, mteja anainama, wanataniana mpaka mtu anaondoka na nyongeza bila kujua aliipataje. Mimi Nasra nashona cherehani kibaraza cha jirani, na nakwambia, mdomo wa yule mwanamke ulikuwa unauza kuliko matunda.

Basi mwaka jana halmashauri ikachoka na fremu za maduka zilizofungwa. Mtaa mzima makufuli yana kutu, ndani buibui na popo! Wakatuita sisi wa vibarazani pamoja na wenye fremu. Anayeuza nje aingie ndani bure kwa msimu mmoja, afagie, apake rangi. Msimu ukiisha mwenye fremu aamue. Mzee Zuberi, mwenye duka lile, hakuwahi kulifungua tangu mkewe Rukia afariki. Alikubali shingo upande, tena kwa sharti kwamba kaunta isiondolewe.

"Hapo ndipo aliposimama mke wangu," alisema. "Na Pasaka ikifika duka limepooza, nafunga."

Secilia akaingia na furaha yake yote. Alifagia, akapaka chokaa, akasugua sakafu mpaka ikang'aa. Halafu, jamani, akafanya nini? Akaweka kigoda chake nyuma ya kaunta, akatandika turubai chini, akapanga mafungu yake kama kawaida, akakaa! Kaunta yenyewe iko karibu na mlango, inamfika mtu kifuani. Mpita njia akichungulia anaona mbao na ukuta mweupe. Watu wakawa wananiuliza kama Secilia ameacha biashara.

"Si upange juu ya kaunta, wewe mwanamke!" nikamfokea.

"Aka! Kaunta ya marehemu niijaze plamu? Halafu nikisimama sijui nimwambie mtu nini. Mimi maneno yananijia nikiwa nimekaa."

Nilikasirika, nikacheka, mwisho nikamwonea huruma. Amesomesha watoto wawili kwa biashara ya kukaa chini, leo kapewa duka na matunda yanamlainikia mbele ya macho yake. Na nafasi yake ya kibarazani ilishachukuliwa na muuza mitumba. Duka likifungwa, hana pa kurudi.

Pasaka ilipokaribia, Mzee Zuberi akaja kukagua. Akasimama mlangoni.

"Hodi! Hakuna mtu?"

"Shikamoo, baba. Nipo huku chini."

"Marahaba. Chini wapi?"

Akazunguka kaunta, akamkuta. Secilia akataka kuinuka, mzee akamzuia kwa mkono. Mimi niko mlangoni, roho juu, nikijua leo ndiyo leo, anafunga. Lakini mzee alikuwa anaitazama miguu ya Secilia, ameinyoosha kwenye sakafu, amestarehe.

"Rukia alisimama hapa kutwa," akasema. "Jioni miguu imevimba, namkanda kwa maji ya chumvi, asubuhi anarudi kusimama. Wala sikuwahi kumletea hata kigoda."

Mimi machozi yalinitoka, na sikuona haya kuyafuta mbele yake.

"Mwanangu Nasra," akaniambia, "niitie wale wapakia mizigo wa stendi."

Kaunta ikabebwa taratibu ikapelekwa nyumbani kwake. Turubai likavutwa mpaka karibu na mlango, kigoda nacho kikasogea. Mzee akachuchumaa, akachagua plamu, akadai nyongeza.

"Nyongeza!" Secilia akaruka. "Baba, hata kununua hujanunua!"

Ee, nikasema, huyo ndiye Secilia wetu! Wapita njia wakageuka, wakacheka, wakaingia. Mama mmoja akasema kumbe upo, siku zote ulijificha wapi? Mpaka adhuhuri turubai lilikuwa limebaki na mafungu machache tu. Mzee Zuberi alikuwa bado yupo, ameegemea ukuta, fuko la plamu mkononi.

"Mama," mzee akamwita Secilia kwa sauti ya chini, "nikiwa nakuja asubuhi kukaa hapa kidogo, nitakuwa nakusumbua?"

"Baba, duka si lako?"

"Lilikuwa langu nilipolifunga," mzee akasema. "Sasa ni la kwako. Ndiyo maana naomba."